Tuweke Taa Nyuma ya Gari la Mizigo

Ndugu msomaji, umejifunza kusoma na kuandika. Sasa unaweza kusoma jina lako kwenye gunia. Unaweza kusoma maandishi kwenye chupa ya dawa ya mimea. Unaweza kuhesabu matenga yako ya nyanya na kuandika idadi yake kwenye daftari.

Lakini nikuulize swali. Gizani, mtu anayejua kusoma anamzidi nini asiyejua? Hamzidi kitu. Wote wawili wanapapasa.

Leo nataka tuzungumze habari ya taa. Si taa ya nyumbani wala taa ya darasa la kisomo. Ni taa ya ndani ya gari, upande wa nyuma, mahali tunapoweka mizigo. Magari mengi ya zamani hayana taa hiyo. Yana taa moja ndogo kwa dereva, basi. Nyuma ni giza tupu.

Mimi ni bwana shamba. Umri wangu umepita miaka arobaini. Nina cheti cha kilimo, sina cheti cha ufundi wa magari. Lakini kazi yangu hunipandisha kwenye magari ya mizigo karibu kila wiki. Nimeona hasara inayoletwa na giza, na nimeona jinsi taa ndogo inavyoiondoa. Kazi ya kufunga taa tuliifanya pamoja na fundi mzee wa umeme wa magari. Yeye alifunga, mimi nilishika tochi na kuuliza maswali. Haya ninayokueleza ndiyo niliyojifunza kwake.

GARI LETU

Chama chetu cha ushirika kina Land Rover ya zamani. Ni ya toleo la tatu, linaloitwa Series III. Magari ya toleo hilo yalianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1971, yakaisha mwaka 1985. Letu ni lile refu, la 109. Namba hiyo ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Ni kama sentimita 277.

Gari hili limezeeka, lakini bado linatumika. Hubeba nyanya, viazi, mbegu na mbolea. Hubeba pia wagonjwa, kwa sababu hospitali iko mbali na barabara yetu ni mbaya wakati wa masika.

Kazi yake nyingi hufanyika gizani. Wewe mkulima wa nyanya unajua sababu. Nyanya hazipendi jua la njiani. Tena anayefika sokoni mapema hupata wanunuzi wengi. Kwa hiyo matenga hupakiwa saa kumi alfajiri.

GIZA LINATUGHARIMU

Hasara ya kwanza ni ugomvi. Watu kumi wanapakia matenga gizani. Kila tenga lina kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Nani atasoma karatasi hiyo gizani? Gari likifika sokoni, mmoja anasema, "Mimi nilipakia matenga sita." Katibu anasema, "Nimeandika matano." Hakuna shahidi. Nimeona ndugu wawili wa ukoo mmoja wakinuniana msimu mzima kwa sababu ya tenga moja.

Hasara ya pili ni uharibifu. Mtu anaweka gunia la viazi juu ya tenga la nyanya kwa sababu hakuliona. Nyanya zinapondeka. Anayepata hasara hajui amlaumu nani.

Hasara ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Ni sumu. Mwaka mmoja wakati wa masika, gari la mtu binafsi lilileta mizigo ya wanakijiji usiku. Ndani mlikuwa na unga wa mahindi, na mlikuwa na dumu la dawa ya kuua wadudu. Aliyepakia hakuona kwamba kifuniko cha dumu hakikubana. Dawa ilivuja njiani ikaingia kwenye gunia la unga. Wakati wa kushusha bado ilikuwa giza, na gunia likapelekwa nyumbani. Kwa bahati njema mama mwenye unga alisikia harufu asubuhi, kabla hajasonga ugali. Akaniita. Unga ule haukuliwa. Nyumba hiyo ilikuwa na watoto watano.

Hapa nisisitize jambo moja la kazi yangu. Dawa za mimea na chakula visipande gari moja kwa safari moja, hata kama gari lina taa. Lakini sote tunajua kwamba watu hupandisha mzigo bila kusema kilichomo. Taa humsaidia mpakiaji kuona. Chupa ya dawa ina mstari wa rangi chini ya karatasi yake. Mstari mwekundu ni sumu kali sana. Kisha hufuata wa njano, kisha wa buluu, na mwisho wa kijani. Mbegu zilizotiwa dawa nazo hupakwa rangi ili mtu asizile. Rangi hizo ni onyo kwa macho. Gizani onyo hilo halionekani.

KIBATARI SI JIBU

Wengine husema, "Tutawasha kibatari, au tutashika chemli." Ndugu msomaji, usifanye hivyo kamwe. Petroli hutoa mvuke hata wakati wa baridi. Mvuke huo huuoni. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka chini na kutambaa kwenye sakafu ya gari. Ukikutana na moto, unalipuka. Katika Land Rover yetu tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele. Tena mara nyingi watu hubeba dumu la petroli nyuma kwa ajili ya mashine ya kusaga au pampu ya maji. Kibatari ndani ya gari kama hilo ni hatari kwa kila aliyemo.

Wengine husema, "Siku hizi tuna simu zenye tochi." Ni kweli. Lakini tenga la nyanya hubebwa kwa mikono miwili. Simu utaishika kwa mkono gani? Nimeona vijana wakiiuma simu kwa meno. Tena simu huisha chaji wakati ule ule unapoihitaji.

MKUTANO WETU

Jambo hili tulilipeleka kwenye mkutano wa chama. Mzee mmoja alisimama akasema, "Gari hili lilitoka kiwandani bila taa hiyo. Limetubeba miaka yote. Fedha hizo tununulie tairi." Watu wengi walimpigia makofi. Maneno yake hayakuwa ya kijinga. Tairi zilikuwa zimekwisha kweli.

Kisha akasimama mama mkunga. Yeye si mtu wa maneno mengi. Alisema, "Wazee wangu, nisikilizeni. Mnakumbuka usiku ule tulipompeleka mzazi hospitali. Tulikwama kwenye matope. Mtoto akazaliwa ndani ya gari. Nilikuwa na mwanga wa simu tu. Simu ikazimika kabla sijamaliza kufunga kitovu. Nikamaliza kwa kupapasa. Mama na mtoto ni wazima, tunamshukuru Mungu. Lakini kazi ya macho niliifanya kwa vidole. Sitaki kuifanya tena."

Watu wakanyamaza. Mimi nilikuwemo kwenye gari usiku ule, mbele pamoja na dereva. Nilijua kwamba hakuongeza neno. Yule mzee wa tairi akasimama tena. Akasema, "Basi taa iwekwe. Tairi tutachanga." Mkutano ukakubali.

Bei ya vifaa vyote haikufikia bei ya tairi moja.

VIFAA VINAVYOTAKIWA

Vifaa ni hivi:

1. Taa mbili ndogo za volti 12. Siku hizi kuna taa ziitwazo LED. Hutoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo, wala hazipati moto kama globu ya zamani. Chagua zenye kifuniko kigumu, ili gunia lisizivunje.

2. Waya wa gari, wenye nyuzi nyingi ndani. Unene wa milimita moja ya mraba unatosha. Usitumie waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mgumu. Gari hutikisika, na uzi mmoja hukatika.

3. Fyuzi ya ampea 3 pamoja na nyumba yake.

4. Swichi moja imara.

5. Mipira ya kuvalisha matundu ya bati, utepe wa umeme, vishikizo vya waya na skrubu.

Angalia volti kabla ya kununua. Magari madogo mengi hutumia volti 12. Malori mengi hutumia volti 24. Taa ya volti 12 ukiifunga kwenye lori la volti 24 itaungua. Taa ya nyumbani nayo haifai kwenye gari.

HATUA YA KWANZA: CHAGUA MAHALI

Usitoboe bati kwa haraka. Subiri usiku. Pakia mizigo kama kawaida yako. Kisha mtu mmoja ashike tochi mahali mbalimbali ndani ya gari, na mwingine asimame mlangoni kama mpakiaji.

Sisi tulifanya hivyo. Kwanza tulishika tochi katikati ya paa. Gunia moja refu likaziba mwanga wote. Kisha tukaishika nje, nyuma ya mpakiaji. Kivuli chake kikaangukia mzigo, asione kitu. Mwisho tukaishika kwenye pembe ya juu, ndani, karibu na mlango wa nyuma. Hapo tuliona vizuri. Ndiyo maana tuliweka taa mbili, moja kila pembe. Mtu akiziba moja, nyingine inamulika.

HATUA YA PILI: TENGA BETRI

Kabla ya kugusa waya wowote, zima gari. Vua pete na saa ya chuma. Kisha fungua waya wa betri unaokwenda kwenye bodi ya gari. Kwa magari mengi huo ni upande wa hasi, wenye alama ya kutoa. Waya huo hufunguliwa wa kwanza na kurudishwa wa mwisho.

Kwa nini uanze na huo? Ukianza na upande mwingine, spana yako ikigusa bodi, umeme wote wa betri utapita kwenye spana. Cheche kubwa itatoka na mkono utaungua. Tena betri inapochajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka kwa cheche. Kwa hiyo usivute sigara karibu na betri.

Jihadhari na Land Rover za zamani sana, za kabla ya miaka ya 1967 na 1968. Nyingi zilifungwa kinyume, yaani chanya ndiyo iliyokwenda kwenye bodi. Taa ya LED ukiigeuza haitawaka. Angalia waya wa betri kwa macho yako kabla ya kuanza.

HATUA YA TATU: TAFUTA UMEME

Taa hii inahitaji umeme hata gari likiwa limezimwa, kwa sababu tunapakia gari likiwa limezimwa. Kwa hiyo umeme wake usitoke kwenye swichi ya ufunguo. Utoke upande wa betri.

Magari ya Uingereza ya zamani yalikuwa na mpango wa rangi za nyaya. Waya wa kahawia hutoka betri bila kupita kwenye fyuzi. Waya wa zambarau hutoka betri kupitia fyuzi. Waya wa kijani hupita kwenye ufunguo na fyuzi. Waya mweusi huenda kwenye bodi. Huu ni mpango mzuri. Lakini gari lenye miaka arobaini limepita katika mikono ya mafundi wengi, na kila mmoja alitumia waya aliokuwa nao. Katika gari letu tulikuta waya mwekundu umeungwa na wa kijani, na wa kijani umeungwa na mweupe. Fundi mzee alicheka akasema, "Rangi inakuambia alivyokusudia mtengenezaji. Taa ya kupimia inakuambia ukweli." Kwa hiyo pima kila waya kabla ya kuuamini.

Kwa gari lenye nyaya zilizochakaa, njia rahisi ni kuvuta waya mpya kutoka kwenye betri yenyewe. Sisi tulifanya hivyo.

HATUA YA NNE: FYUZI

Ndugu msomaji, ukisahau mengine yote, ukumbuke hili. Waya unaotoka betri lazima upite kwenye fyuzi. Na fyuzi hiyo iwe karibu sana na betri, isizidi shubiri moja.

Watu wengi hudhani kwamba fyuzi inalinda taa. Sivyo. Fyuzi inalinda waya, na kwa hiyo inalinda gari na watu waliomo. Taa yetu inahitaji umeme kidogo tu. Lakini betri ina nguvu nyingi. Inapowasha injini hutoa ampea mia na zaidi. Sasa fikiri waya wako mwembamba umesuguliwa na bati mpaka ngozi yake imetoboka. Waya unagusa bodi. Umeme wote ule unapita humo kwa ghafla. Waya unakuwa mwekundu kama kaa la moto. Ngozi yake inayeyuka na kuwaka.

Fyuzi ni kama uzi mwembamba uliofungwa kwenye kamba. Nguvu ikizidi, uzi unakatika kwanza na kamba inapona.

Nimeliona jambo hili kwa macho yangu. Katika kijiji cha jirani kulikuwa na gari moja dogo la mizigo. Lilifungiwa taa ya nyuma na fundi mmoja wa mjini. Fundi huyo alisema, "Taa ndogo kama hii haina haja ya fyuzi." Alipitisha waya kwenye tundu la bati bila mpira. Kwa miezi michache taa iliwaka vizuri, na mwenye gari alifurahi. Siku moja tulikuwa tumesimama kwenye mnada. Moshi mweusi ukaanza kutoka chini ya magunia ya pamba. Dereva alikuwa mtu mwepesi. Alifungua boneti akauvuta waya wa betri kwa kitambaa. Sisi tukatupa magunia nje. Magunia mawili yaliungua upande. Waya wote, toka mbele hadi nyuma, ulikuwa umebaki shaba tupu.

Fyuzi moja ingezuia hayo yote. Bei ya fyuzi ni ndogo kuliko bei ya soda.

HATUA YA TANO: PITISHA WAYA

Pitisha waya mahali ambapo hautasuguliwa wala kupata joto. Uweke mbali na bomba la moshi. Usiupitishe juu ya ukingo mkali wa bati. Kila tundu linalopitisha waya livalishwe mpira. Fuata njia ya nyaya za zamani za gari, kisha ufunge waya wako kwa vishikizo kila baada ya shubiri mbili. Usiupitishe sakafuni, maana magunia na miguu vitaukanyaga.

Unapounga waya na waya, usizungushe tu na kubandika utepe. Tumia kiungio cha kubana, au tia risasi ya kuchomelea. Kisha funika kwa utepe wa umeme.

HATUA YA SITA: WAYA WA KURUDI

Umeme hutoka betri, hupita kwenye taa, kisha hurudi betri. Kwa magari mengi hurudi kwa kupitia bodi. Lakini hapa Land Rover ina tabia yake. Gari hili lilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa alumini, na desturi hiyo iliendelea. Chesisi yake ni ya chuma. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu, huliana na kufanya unga mweupe. Umeme haupiti vizuri hapo. Taa inafifia au inawaka na kuzimika.

Fundi mzee alisema, "Usiutegemee mwili wa mzee. Mpe fimbo." Akavuta waya wa pili kutoka kwenye taa hadi upande wa hasi wa betri. Waya umeongezeka kidogo, lakini taa haijawahi kufifia. Kama gari lako ni la chuma kitupu, unaweza kutumia bodi. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae, kaza skrubu, kisha paka grisi ili kutu isiingie.

HATUA YA SABA: SWICHI

Swichi iwe karibu na mlango wa nyuma, mahali pa juu ambapo gunia haliwezi kuipiga. Sisi tuliiweka upande wa kulia, mahali ambapo mkono wa mtu anayefunga mlango hupita. Kwa njia hiyo mfungaji haisahau.

Ukimaliza, tazama kazi yako yote tena toka mwanzo. Kisha rudisha waya wa betri. Mwisho kabisa tia fyuzi. Washa taa.

Fyuzi ikikatika, usitie kubwa zaidi. Usitie msumari, wala karatasi ya sigara, wala kipande cha waya. Fyuzi iliyokatika inakuambia kwamba kuna kosa mahali fulani. Litafute kosa hilo kwanza.

TUFANYE HESABU

Mzee wetu wa tairi aliuliza swali zuri siku ya kazi. Alisema, "Taa hii haitamaliza betri?" Tukafanya hesabu ubaoni, na wewe uifanye pamoja nami.

Gawanya wati kwa volti, utapata ampea. Taa zetu mbili ni wati 6 kwa pamoja. 6 gawanya kwa 12 ni nusu ampea. Kama mtu ameisahau usiku kucha, yaani saa 12, zidisha nusu mara 12. Jibu ni ampea-saa 6.

Sasa tazama globu ya zamani ya wati 21. 21 gawanya kwa 12 ni ampea 1.75. Zidisha mara 12. Jibu ni ampea-saa 21.

Betri mpya iliyoandikwa 60Ah ina ampea-saa 60. Ukiondoa 6, zinabaki 54, na gari litawaka. Ukiondoa 21, zinabaki 39. Betri mpya inaweza kustahimili. Lakini betri nyingi za vijijini si mpya. Betri iliyochoka huenda imebaki na nusu ya nguvu yake, au pungufu. Hiyo haitawasha gari asubuhi. Kwa hiyo chagua taa inayotumia umeme kidogo, na uizime ukimaliza kazi.

Jambo jingine: usiwashe taa hii gari likiwa linakwenda usiku, isipokuwa kwa mgonjwa, tena kwa muda mfupi. Mwanga wa nyuma hurudi kwenye kioo cha mbele na kumzuia dereva asione barabara.

SASA TUNAFANYAJE KAZI

Tangu taa ifungwe, katibu husimama mlangoni mwa gari na daftari lake. Kila tenga linapopanda, mwenyewe husoma jina lake kwa sauti. Katibu huandika. Mwishoni mwenyewe hutazama daftari na kutia sahihi. Wengine walianza kutia sahihi mwaka ule ule walipomaliza kisomo. Hawataki mtu mwingine awasomee majina yao. Ugomvi wa matenga haujaisha kabisa, kwa sababu binadamu ni binadamu. Lakini sasa unamalizwa pale pale, kwa kuhesabu, kabla gari halijaondoka.

Dawa za mimea tumeziwekea siku yake. Dumu likionekana kwenye mizigo ya chakula, linashushwa. Hakuna anayeweza kulificha tena nyuma ya magunia.

Na mama mkunga? Amesafiri na wazazi mara tatu tangu hapo. Mara mbili walifika hospitali kabla ya wakati. Mara ya tatu mtoto hakusubiri. Dereva alisimamisha gari kando ya barabara, akawasha taa, akashuka na kusogea mbali kama inavyostahili. Mkunga alifanya kazi yake akiwa anaona. Aliona kitovu, aliona wembe mpya, na aliona damu ilivyokuwa. Aliona kwamba damu ilikuwa nyingi, akamhimiza dereva aende haraka. Hospitalini daktari alisema kwamba kufika mapema ndiko kulikomwokoa mama yule.

Ndugu msomaji, kama kijiji chenu au chama chenu kina gari la zamani, lipelekeni jambo hili mkutanoni. Mtafuteni fundi anayekubali kuwaeleza kila anachofanya. Akisema fyuzi si lazima, mtafuteni mwingine.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Gari linalobeba mizigo yenu lina mwanga gani nyuma?

2. Fyuzi inalinda nini?

3. Taa ya wati 12 kwenye gari la volti 12 hutumia ampea ngapi? Ikiwaka saa 10 hutumia ampea-saa ngapi?

4. Katika kijiji chenu, dawa za mimea husafirishwaje? Je, hupanda gari moja na chakula?